Hilux ya Mzee na Bati Geji 28

Muulize Mtanzania bei ya Hilux kuukuu, naye atakuuliza wewe una shilingi ngapi. Usimwone mjanja, ndiyo kanuni ya biashara yenyewe. Saruji ina bei ya mfuko, mkaa una bei ya gunia, hata ng'ombe wa mnadani hutazamwa meno, na kabla ya adhuhuri kila mtu keshajua ataondoka kwa shilingi ngapi. Lakini pikapu iliyotoka kiwandani mwaka 1994, ikaingia nchini ikiwa imekwisha kutumika, kisha ikabeba mahindi, matofali, wagonjwa na maharusi miaka nenda miaka rudi, hiyo haina kitabu cha bei mahali popote. Ina mwenyewe, ina dalali, na ina wewe uliyesimama pembeni ukijifanya unajua unachokitazama.

Mimi nilikuwa na milioni kumi. Kiasi hicho sikukipata kwa kuchunguza soko. Ushirika wetu wa akiba na mikopo hukopesha mara tatu ya akiba ya mwanachama, na akiba yangu, baada ya miaka mingi ya kukatwa kwenye mshahara wa ualimu, ilikuwa imefika milioni tatu na laki tatu na ushee. Mara tatu, ikawa kumi. Kwa hiyo kabla sijaona tairi la gari lolote, thamani ya gari langu ilikwisha kuamuliwa na mhasibu mmoja aliyekuwa akitafuna karanga nyuma ya dirisha.

Haja ya gari ilitokana na kuku. Nafuga Mkundi, nje kidogo ya mji wa Morogoro, na kuku wana tabia ya kula kila siku. Pumba zilikuwa zinaletwa kwa bodaboda, mpaka gunia moja lilipopasukia kwenye kipilefti cha Msamvu saa mbili asubuhi, mabasi yakapiga honi, na njiwa wa mji mzima wakafika kabla ya trafiki. Mama watoto akasema maneno machache: nunua gari au punguza kuku.

Shemeji alinishauri kirikuu. Sina ugomvi na kirikuu. Linakunywa petroli kidogo, linapita uchochoroni, na likikwama watu wanne wanalinyanyua na kuliweka pakavu. Ila shamba langu la mahindi liko ndani ndani huko Mlali, na masika yakianza ile njia hutaka gari lenye kimo na tabia ngumu. Halafu kuna jambo la moyo. Sisi tuliokua miaka ya themanini tuliijua pikapu kwa makalio kabla ya kuijua kwa macho. Kijijini tulipanda nyuma ya Stauti juu ya magunia, na Dar es Salaam tulipanda chai maharage, pikapu iliyofungwa mabenchi mawili yanayotazamana, magoti yako yakiwa baina ya magoti ya mtu usiyemjua. Ukimpa mtu wa namna hiyo milioni kumi, usitegemee arudi na kirikuu.

Nilipoanza kuulizia, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba uzee haushushi bei. Gari lina umri wa miaka thelathini na mwenyewe anatamka milioni kumi na mbili bila kupepesa. Ukitaka kujua sababu, tazama bandarini. Pikapu nyingine ikiletwa leo kutoka Japani, mnunuzi atalipa ushuru wa forodha, atalipa VAT ya asilimia 18, na kama gari limezidi umri uliowekwa atalipa na tozo ya uchakavu. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane. Sisi tunaruhusu, kisha tunalitoza kwa uzee wake. Matokeo yake gari lililokwisha vuka geti la bandari miaka ile linajiona ni mali. Kila mwenye Hilux kuukuu anajua kwamba ukimkatalia bei yake, mbadala wako uko kwenye meli na unahesabiwa kwa dola.

Dalali wangu alinipigia asubuhi na mapema. "Bosi, kuna chuma hapa. Hilux, namba C, injini haijawahi kufunguliwa, ni kuwasha na kuondoka. Mwenyewe ana shida kidogo, maongezi yapo."

Kila kipande cha sentensi hiyo kina thamani yake kwenye bei, kwa hiyo nilikaa chini nikakipima kimoja kimoja. Namba C, kwa mfano. Mtaani kwetu herufi ya namba ya gari ni cheo. Mwenye E anamtazama mwenye B kama darasa la saba anavyomtazama wa chekechea. Lakini herufi hiyo inasema gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haisemi lilizaliwa lini. Gari la mwaka 1994 lililokaa Osaka likipeleka mboga mpaka likachoka, likaletwa huku baadaye, litavaa C na kumdharau mdogo wake wa mwaka 2000 aliyewahi kufika na kuvaa A. Kuhusu injini ambayo haijawahi kufunguliwa, katika gari la umri ule sikujua kama hiyo ni sifa au ni shtaka.

Dalali alinionyesha na video kwenye simu. Kipindi cha Top Gear cha Uingereza, mwaka 2003, waliichukua Hilux ya dizeli wakaiacha baharini maji yakajaa yakaifunika, wakaichoma moto, mwishowe wakaipandisha juu ya jengo refu na jengo likalipuliwa. Ikawaka. Baadaye ikawekwa kwenye makumbusho ya magari kule Beaulieu. Nikamuuliza dalali, "Ndiyo hii unayoniuzia?" Akasema hapana, lakini ni ukoo mmoja. Hiyo ni hoja nzito kuliko inavyosikika. Mwaka 1987 jeshi la Chad liliwafukuza Walibya jangwani likitumia pikapu za Toyota, na mpaka leo vita vile vinaitwa kwa jina la gari. Muuzaji wa Hilux hauzi bodi na magurudumu tu. Anakuuzia na sifa za mashujaa, na sifa hizo ameziwekea bei.

Kwa upande wa sayansi mambo ni mabaya zaidi. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ni hii: muuzaji analijua gari, mnunuzi halijui. Kwa kuwa halijui, mnunuzi hutoa bei ya katikati, ya kujihami. Mwenye gari zuri akiisikia bei hiyo anakasirika na kurudi nyumbani na gari lake. Mwenye bovu anaipokea kwa mikono miwili. Mwisho wa yote, sokoni yanabaki mabovu matupu. Kabla ya kuchapishwa makala ilikataliwa na majarida, mengine yakidai jambo lenyewe ni dogo mno, na mwaka 2001 ikampatia Nobel pamoja na wenzake wawili. Wangemuuliza dalali yeyote wa Msamvu wasingehangaika. Yeye kanuni hiyo anaifupisha hivi: "Usiulize bei, bosi. Uliza kwa nini anauza."

Basi nikawa nauliza kwa nini anauza. Mmoja alijibu kwamba anasafiri, na fundi wangu alipoweka kiganja kwenye boneti akakuta ni la moto. Injini ilikuwa imepashwa kabla hatujafika, maana injini ya dizeli iliyochoka husema ukweli asubuhi ikiwa baridi. Mwingine alisema gari lilikuwa la daktari, linakwenda kazini na kanisani tu. Fundi akatoa sumaku yake, aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaipitisha ubavuni. Haikushika popote. Lile gari lilikuwa puti kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma, na hicho kibati kilichokuwa ndani yake kilikuwa kumbukumbu tu. Wa tatu hakuwepo. Gari lipo, ufunguo uko Dodoma, ila kama niko tayari nitume kishika uchumba. Huyo nilimtakia ndoa njema.

Fundi huyo nimtaje kwa heshima, maana bila yeye ningekuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia mapema sana. Ni kijana mwembamba wa Mafiga mwenye maneno machache. Anafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, anatazama kama moshi unatoka kwa kusukumwa, kisha anasema, "Inapumua," kwa sauti ya daktari anayewaita ndugu wa mgonjwa. Anajua rangi za moshi: wa bluu unakula oili, mweusi dizeli imezidi hewa, mweupe usiokwisha ukae nao mbali. Anajua pia mbinu za mjini, oili nzito ya giaboksi kuwekwa kwenye injini ili inyamaze kwa siku moja, na maranda kwenye difu kwa kazi hiyohiyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kwenye Hilux za rika lile kitu cha kuuliza ni injini: 2L ya sentimita za ujazo 2,446, au 3L ya 2,779, au 5L ya 2,986, na kwamba mwenye 3L huongeza bei wakati wa kutamka tu hiyo herufi.

Ndipo tukafika Kihonda, kwa mzee mwenye ile Hilux ya simu ya dalali.

Alikuwa bwana shamba mstaafu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwalimu, karibuni, gari lile pale." Gari lilikuwa chini ya mwembe, jeupe kwa mbali na la rangi ya maziwa ya mgando kwa karibu. Juu ya boneti walilala paka wawili, wa tatu alikuwa nyuma kwenye bodi, na wengine walikuwa njiani. Sikuelewa mpaka jua lilipopanda. Mwenye gari wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa dagaa huko Musoma. Mzee alilinunua kwake mwaka 2006, na kwa miaka yote hiyo ya mvua na sabuni, chuma kile hakijasahau kilikotoka. Likipata joto, linanuka dagaa. Likipoa, linanuka dagaa wa jana.

Swali la namba C nalo likajijibu vibaya. Kama lilinunuliwa Musoma mwaka 2006, C imetoka wapi? Tukaenda kutazama namba. Ilikuwa A. Dalali akasema A na C ni za familia moja.

Fundi alipoingia chini ya gari alikaa huko muda mrefu, akitoka mara moja moja kunitazama kwa huruma. Chesisi imechomelewa pale springi za nyuma zinapoanzia, kazi nzuri lakini haitoshi. Rejeta inavuja. Klachi iko juu. Bushi zimekwisha. Injini ni 3L kweli, haipumui, na moshi wake ni wa kuvumilika. "Moyo upo," akasema. "Mwili ndio umechoka."

Tukatoka kulijaribu, mimi kwenye usukani, mzee katikati, fundi dirishani. Mlango wa upande wa fundi unafunguka kwa nje tu. Kioo chake kinashushwa kwa koleo, na koleo hilo lina mahali pake maalumu kwenye dashibodi. Honi inalia ukikata kona ya kushoto. Ya kulia inategemea hali ya hewa. Tulishika njia ya Bigwa kuelekea Kiroka ili tulipe mlima, kwa sababu tambarare kila gari ni zuri. Lilipanda kwa gia ya pili likilalamika, likatoa moshi mweusi, lakini lilipanda, na sindano ya joto ilikaa katikati. Baadaye fundi aliniambia sindano hiyo huwa inakaa katikati hata gari likiwa limezimwa.

Wakati wa kurudi, akina mama wenye mikungu ya ndizi walitusimamisha barabarani. Kwao pikapu tupu inayoelekea mjini ni usafiri, hakuna mjadala. "Shikamooni. Mpaka Mawenzi mzigo bei gani?" Nikafungua kinywa kueleza kwamba gari si langu na niko kwenye majaribio, lakini mzee alikwisha jibu: "Elfu mbili mkungu, mwenye mzigo anapanda bure." Tulipofika Bigwa bodi ilikuwa imejaa ndizi, akina mama na jogoo mmoja aliyepanda bila nauli. Mzee akahesabu noti pajani kwake. "Umeona mwalimu? Gari hujalinunua, limeshaleta elfu kumi na nane. Nilitaka nikupunguzie laki tano, lakini kwa hali hii nitakuwa najionea."

Trafiki alitusimamisha mbele kidogo. Kupakia abiria kwenye gari la mizigo ni kosa, na kosa la barabarani ni elfu thelathini, na deni lenyewe linaandikwa kwenye namba ya gari. Fundi akaomba daftari langu. Chini ya orodha ya springi na bushi akaandika: biashara ya ndizi, hasara 12,000.

Tuliporudi Kihonda, mke wa mzee alikuwa ametandika mkeka. Hapo ndipo mnunuzi wa gari anapopoteza vita, na sijaona wataalamu wa biashara wakilieleza jambo hili. Kwanza ilikuja chai ya maziwa na mihogo. Kisha ugali na kuku wa kienyeji. Ukishakula ugali wa mtu, ukanawa kwa maji aliyokumiminia, huwezi tena kumwambia gari lake limeoza. Unaweza kusema lina "mambo madogomadogo". Kila paja la kuku nililokula lilinigharimu, kwa makisio yangu, laki moja.

Mzee akaleta daftari lake. Lilikuwa kaunta buku lenye jalada la kitambaa, mistari imenyooka kama alivyokuwa akiandika taarifa za mbolea ya ruzuku. Kila kitu alichokiweka kwenye gari tangu 2006 kilikuwa humo: tairi, betri, bushi, gasketi, tarehe, bei, jina la duka. Alikuwa amejumlisha. "Nimeweka humu milioni kumi na tisa na laki tatu, mwalimu. Nakuuzia kwa kumi na mbili na nusu. Hebu niambie nani anapata hasara."

Ilikuwa hoja ya kumliza mtu. Fundi akaliomba lile daftari, akalisoma taratibu kama hakimu anayepokea kielelezo. "Klachi 2011. Klachi 2014. Klachi 2017, klachi 2019." Akafunua ukurasa. "Silinda hedi, 2015." Akamtazama dalali aliyesema injini haijawahi kufunguliwa. Dalali akageuka kuitazama milima ya Uluguru, ambayo, kusema kweli, jioni ile ilikuwa inapendeza.

Nikafungua daftari langu mimi. Hesabu zangu zilikuwa zinakwenda kinyumenyume. Hilux nzima ya umri ule, isiyodai kitu, Morogoro tulikuwa tunatajiwa milioni kumi na mbili. Toa tairi nne, milioni moja. Toa klachi, 350,000. Rejeta, 300,000. Springi na bushi, 400,000. Kuchomelea chesisi upya, 250,000. Betri, 250,000. Kupima pampu na noseli, 500,000. Mkanda wa taimingi na vikorokoro vyake, 200,000, maana ukikatika njiani unaondoka na valvu. Jumla 3,250,000. Kinachobaki ni 8,750,000. Harufu ya dagaa tuliiacha bila bei, fundi alisema hiyo si fani yake.

Kwa hiyo pale mkekani palikuwa na madaftari mawili, yote ya kweli, yote yamejumlishwa sawasawa, na kati yake kuna pengo la karibu milioni nne. Kila mmoja wetu alikuwa na ushahidi. Yeye alihesabu alichokwisha kulipa, mimi nikahesabu nitakachokuja kulipa, na gari lenyewe lilikuwa chini ya mwembe na paka wake, halijahojiwa. Ungeweza kutuacha pale mpaka Idi na tusingekutana. Dalali alijaribu kugawanya katikati, kwa kuwa katikati ndiko riziki yake ilipo, lakini mzee alikunja uso na mimi nikakunja miguu.

Aliyetuokoa ni fundi, kwa swali ambalo kwa adabu nilikuwa sijaliuliza vizuri. "Mzee, samahani. Hizo hela ni za nini hasa?"

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mwishoni mwa kaunta buku. Yalikuwa makadirio ya fundi wa paa. Anajenga Mikese, kuta zimesimama tangu mvua za mwaka juzi, na tangu astaafu yeye na mama wanaishi nyumba ya kupanga. Bati geji 28, mbao, misumari, kofia, usafiri, ufundi. Chini kabisa: 9,400,000. Ile kumi na mbili na nusu ilikuwa ni paa, pamoja na nafasi ya kupunguziwa, pamoja na cha juu cha dalali. Kwenye bei yote ile hapakuwa na hata shilingi moja iliyotokana na gari.

Nami nikajitazama na milioni kumi zangu zilizotoka kwenye kuzidisha mara tatu. Tulikuwa wanaume wawili wenye elimu, tumeshinda siku nzima tukibishana kuhusu springi, kumbe mmoja anauza kwa bei ya paa na mwingine ananunua kwa bei ya akiba.

Kuanzia hapo tuliliacha gari kabisa. Nikauliza, mzee, kwa nini geji 28? Akasema ni nene, linadumu. Nikasema geji 30 limeezeka nusu ya Morogoro na watu wamelala. Akasema geji 30 linapiga kelele mvua ikinyesha. Nikasema mzee wangu, bati ni bati, hata 28 halijawahi kuimba taarabu. Fundi akaunga mkono. Dalali, aliyeona mambo yanaelekea pazuri, akageuka mtaalamu wa paa papo hapo. Mzee akashikilia msimamo wake, anataka 28, kazi ya mara moja.

Sauti ikatoka jikoni. "Baba, mimi nataka kusikia kelele za mvua nikiwa kwangu. Za bati la mwenye nyumba nimezichoka."

Geji 30 ikapita. Hiyo ilikuwa laki sita. Usafiri wa mbao na bati mpaka Mikese ulikadiriwa laki tatu. Nikajitolea kubeba mwenyewe, kwa gari hilohilo, dizeli yangu. Kesho yake tukaenda wote dukani, mnunuzi, muuzaji, fundi na dalali, tukamzingira muuza bati mpaka akaachia laki moja, na nadhani aliiachia ili tuondoke. Tisa na laki nne kutoa milioni moja. Tukapeana mikono kwa 8,400,000, chini ya daftari langu kwa laki tatu na nusu, na mzee akapata paa lake lote.

Makaratasi sitayasimulia sana. Kadi ya gari ilikuwa bado ina jina la yule bwana wa dagaa, jambo la kawaida sana kwetu, na ilibidi tumtafute Musoma kwa simu ili umiliki uhamishwe kihalali. Alipotajiwa namba ya gari alikaa kimya, kisha akauliza, "Hivi lile bado lipo?" Wewe unayenunua, fanya hilo kabla ya kutoa hela: jina kwenye kadi, namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, faini za barabarani na madeni ya maegesho yaangaliwe kwa namba ya gari, mkataba usainiwe mbele ya mwanasheria. Dalali alipata chake kutoka pande zote mbili. Kiasi gani, nisiulizwe. Mama watoto anasoma magazeti.

Kilichobaki kwenye ule mkopo kilitosha rejeta, mkanda wa taimingi, bima na tairi mbili. Klachi itasubiri mayai. Kuku wanakula kwa wakati, na paka wa Mkundi wamenihamia.

Hasara niliyoipata ni moja. Bati ni refu kuliko bodi ya Hilux, kwa hiyo siku ya kupeleka Mikese tuliuteremsha mlango wa nyuma wa bodi ukabaki unaning'inia, na mahali fulani baada ya Nanenane ukaamua kubaki. Tulirudi kuutafuta, tukaambiwa na watoto kwamba umeshachukuliwa. Fundi anasema mpya haupatikani, wa mtumba upo, ila bei yake inategemea mwenye nao. Basi msomaji mwenye mlango wa nyuma wa Hilux ya mwaka 1994, kutu kidogo si neno, anitafute. Maongezi yapo. Ila kabla hajanitajia bei, aniambie kwanza anajenga nini.